Maisha ya Khan Abdul Ghaffar Khan, Aliyeunda Jeshi Lisilo na Silaha

Pengine umekwisha kuulizwa swali hili na jirani asiye Mwislamu, au wewe mwenyewe unayeichunguza dini hii umejiuliza kimoyomoyo: je, Uislamu na upanga ni kitu kimoja? Na mara nyingi muulizaji huelekeza kidole upande wa nchi moja ya milima iliyo baina ya Pakistani na Afghanistani, akitaka tutazame yanayotendeka huko kwa jina la dini. Nakuomba basi ufuatane nami mpaka nchi hiyo hiyo. Huko huko ndiko alikozaliwa mtu aliyekusanya maelfu ya Waislamu, watu wa taifa linalosifika kwa kisasi kuliko mataifa mengi ya ulimwengu, akawaapisha wasimwinulie mtu mkono hata wakipigwa risasi. Jina lake ni Abdul Ghaffar Khan. Watu wake walimwita Badshah Khan au Bacha Khan, maana yake mfalme wa makhan, ingawa yeye hakuupenda ufalme wowote.

Hapana budi kwanza uijue nchi yenyewe. Wapashtuni, ambao wengi huko Bara Hindi huwaita Wapathani, hukaa pande zote mbili za mstari uliochorwa mwaka 1893 baina ya Waingereza waliotawala Bara Hindi na Amiri Abdur Rahman wa Afghanistani. Mstari huo waitwa Durand, kwa jina la mjumbe wa Kiingereza aliyepelekwa Kabul kupatana na Amiri. Wenye nchi hawakuulizwa. Kabila moja liliweza kujikuta lina malisho huku na makaburi ya mababu kule. Haikupita miaka minne, mwaka 1897, makabila mengi yakainuka karibu kwa wakati mmoja, mbele yao wakiwa mamulla na mafakiri waliotangaza jihadi, na serikali ikapeleka majeshi makubwa kuwazima. Mwaka 1901 Waingereza wakafanya huko jimbo la peke yake, Jimbo la Mpaka wa Kaskazini-Magharibi, na mwaka huo huo wakaliwekea sheria ya makosa ya mpakani, ambayo kwayo kijiji kizima au kabila zima laweza kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja. Usidhani kwamba sheria hiyo iliondoka pamoja na walioileta. Katika maeneo ya makabila ilidumu mpaka mwaka 2018.

Tena watu wenyewe walikuwa na sheria yao isiyoandikwa, iitwayo Pashtunwali. Ndani yake mna mambo mazuri sana: mgeni hukirimiwa hata kama mwenye nyumba atalala na njaa, na mtu anayekuja kuomba hifadhi hupewa, hata akiwa adui. Lakini ndani yake mna pia kisasi. Damu hulipwa kwa damu, na deni hilo hurithiwa na mtoto kama anavyorithi shamba. Basi utaona kwamba mwanamume wa huko alizingirwa na risasi pande tatu: risasi ya serikali, risasi ya binamu yake, na risasi ya mlimani iliyobarikiwa na mulla.

Abdul Ghaffar alizaliwa yapata mwaka 1890 katika kijiji cha Utmanzai, wilaya ya Charsadda, si mbali na mji wa Peshawar. Baba yake, Behram Khan, alikuwa mwenye ardhi na mkuu wa watu wake, naye alikuwa na sifa ya ajabu kwa mtu wa cheo chake, kwamba aliwasamehe waliomkosea na hakuwa na kisasi na mtu. Mamulla wa siku zile waliwakataza watu kuwapeleka watoto shule za serikali, wakisema elimu hiyo ni ya kutafutia fedha na mwisho wake ni moto. Behram Khan hakuwajali. Mwanawe mkubwa, ambaye baadaye alijulikana kama Dakta Khan Sahib, akasomea uganga Uingereza. Mdogo akaingia shule ya misheni ya Kikristo ya Edwardes huko Peshawar. Huko Abdul Ghaffar alimwona mwalimu mkuu, padre wa Kiingereza, akijitaabisha kwa watoto wa watu wasio wa taifa lake wala wa dini yake. Hakuwa Mkristo kwa sababu hiyo, wala imani yake haikutikisika. Ila alibaki na swali lililomchoma: mbona mgeni atuhudumie watoto wetu na sisi wenyewe tumekaa?

Alipokaribia kumaliza masomo alipata nafasi ya kuwa afisa katika kikosi cha Guides, ambacho kilikuwa ndoto ya kila kijana wa Kipashtuni. Aliiacha. Alikuwa amemwona rafiki yake, afisa wa Kihindi, akitukanwa mbele ya watu na Mwingereza wa cheo cha chini, na rafiki hakuthubutu kujibu. Akataka kwenda Uingereza kama nduguye, lakini mama yake alikataa katakata, maana huyo mkubwa alikuwa amekwisha kuoa Mwingereza huko, na mama hakutaka kumpoteza na wa pili. Kijana akamtii mama yake. Wengi wetu leo tungehesabu hayo kuwa bahati mbaya.

Mwaka 1910, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alifungua shule kijijini kwake. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mcha Mungu mashuhuri, Haji Sahib wa Turangzai, mtu mkubwa kwake kwa umri na kwa heshima. Nataka umwangalie sana Haji huyu, msomaji, kwani katika watu hawa wawili njia mbili zinaachana mbele ya macho yetu. Wote wawili walimpenda Mungu, wote wawili waliudhika kwa utawala wa wageni, wote wawili walijenga shule. Vita Kuu ilipoanza, Haji alikimbilia milimani mwaka 1915 akatangaza jihadi ya bunduki, na shule zikafungwa. Alipigana huko kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1937 bila kuwatoa Waingereza hata katika wilaya moja.

Wala usifikiri kwamba Abdul Ghaffar alizaliwa na upole. Alikuwa na uhusiano na maulamaa wa Deoband waliokuwa wakitafuta kituo cha siri katika nchi ya makabila ili wapigane na serikali, na mwaka 1914 alikwenda mpaka Bajaur kwa kazi hiyo. Watu aliowangoja hawakuja. Akajifungia katika msikiti mdogo, akafunga na kusali kwa siku nyingi. Aliporudi, hakurudi kwa njia ya bunduki. Alianza kutembea. Kati ya mwaka 1915 na 1918 alipita mamia ya vijiji kwa miguu, akiketi na wakulima chini ya miti na katika nyumba za wageni, akiwaeleza kwamba adui wao wa kwanza si Mwingereza bali ujinga wao, visasi vyao na mashauri ya mahakamani yaliyokula mashamba yao. Ndipo watu walipoanza kumwita Badshah Khan.

Mwaka 1919 Bara Hindi zima lilichafuka kwa ajili ya sheria za Rowlatt, naye akakamatwa kwa kuongoza mkutano wa hadhara Utmanzai. Alikuwa mtu mrefu mno na mwenye mifupa mikubwa, hata pingu za miguu za gerezani hazikumtosha. Walipozifunga kwa nguvu nyama ya kifundo ilikatika. Mwaka uliofuata alifuatana na maelfu ya Waislamu waliohama Bara Hindi kwenda Afghanistani wakidhani wanafuata sunna ya hijra. Uhamaji ule uliwaletea taabu kubwa: waliuza mashamba kwa bei ya bure, na wengi walirudi mikono mitupu au walikufa njiani. Mafunzo aliyoyapata hapo ni kwamba kuikimbia nchi si kuitengeneza. Mwaka 1921 alirudi Utmanzai akaanzisha chama cha kuwatengeneza Waafghani na shule ya uhuru isiyopokea senti ya serikali. Mwishoni mwa mwaka huo akafungwa miaka mitatu. Alisagishwa nafaka kwa jiwe, akafungiwa peke yake, akakonda vibaya.

Alipotoka, mwaka 1926, alikwenda kuhiji Makka pamoja na mkewe, kisha wakaenda Jerusalem. Huko mkewe alianguka ngazini akafa. Alikuwa ndiye mke wake wa pili, wa kwanza akiwa amekwisha kufariki. Bwana huyu hakuoa tena, ingawa alikuwa bado hajafika miaka arobaini. Mwaka 1928 alitoa gazeti la kila mwezi kwa lugha ya Kipashto, liitwalo Pakhtun, na jambo lililowashangaza watu ni kwamba hata wanawake waliandika humo, wakidai elimu. Serikali ililifungia zaidi ya mara moja.

Sasa twafika kwenye kazi iliyomfanya akumbukwe. Mwaka 1929 aliunda jeshi aliloliita Khudai Khidmatgar, maana yake Watumishi wa Mungu. Lilikuwa jeshi kweli: lina makamanda, vyeo, ngoma na zumari, mazoezi ya kutembea kwa safu na sare. Nguo zao zilikuwa nyeupe, lakini nyeupe huchafuka upesi katika vumbi la Peshawar, basi wakazitia rangi ya matofali iliyopatikana kwa watengeneza ngozi. Kwa ajili hiyo Waingereza wakawaita Mashati Mekundu, na wengine wakaeneza uvumi kwamba hao ni Wabolsheviki kutoka Urusi. Hawakuwa na uhusiano wowote na Urusi. Ilikuwa rangi ya bei rahisi tu.

Kila aliyejiunga alikula kiapo. Aliapa kwamba kwa kuwa Mungu hahitaji huduma, atamtumikia kwa kuwatumikia viumbe vyake. Kwamba atajiepusha na ujeuri na kisasi. Kwamba atamsamehe anayemdhulumu. Kwamba ataacha fitina na uadui wa kifamilia. Kwamba atafanya kazi ya kuwafaa watu angalau saa mbili kila siku, na hatangoja malipo. Fikiri maana ya kiapo hicho kwa mtu ambaye babu yake alimwachia bunduki pamoja na orodha ya watu wa kuuawa. Kusamehe kwake hakukuwa neno la kusemwa msikitini Ijumaa na kusahauliwa Jumamosi. Jirani yake angemwita mwanamke. Watumishi hao walifagia vijiji, wakajenga shule, wakasuluhisha ugomvi, na walipokea watu wa dini zote.

Watu wengi huandika kwamba Badshah Khan alijifunza mambo haya kwa Gandhi. Urafiki wao ulikuwa mkubwa, nami sina haja ya kuuficha. Lakini alikuwa anatembea vijijini na kuhubiri kuacha visasi miaka mingi kabla ya kufanya kazi na Gandhi, naye alisisitiza siku zote kwamba silaha hiyo aliipata kwa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., ambaye pamoja na wafuasi wake walivumilia kupigwa, kunyimwa chakula na kufukuzwa kwa miaka kumi na mitatu ya Makka. Waislamu, alisema, wameisahau silaha hiyo, na wakiiona kwa mwingine huidhani ni ngeni. Alipofungwa Gujrat pamoja na Wahindu na Masingasinga, aliwafundisha wenzake Kurani Tukufu, naye akasoma vitabu vyao pamoja nao. Hakuona hatari katika kusoma.

Tarehe 23 Aprili 1930 alikamatwa akiwa njiani kwenda Peshawar. Siku hiyo hiyo watu walijaa katika soko la Qissa Khwani, yaani soko la wasimulizi wa hadithi, kulalamika juu ya kukamatwa kwa viongozi. Serikali ilipeleka magari ya deraya, nayo yakawaponda watu waliokuwa mbele. Mwanajeshi mmoja mwenye pikipiki aliuawa na gari moja likateketezwa. Juu ya lipi lilitangulia masimulizi yanatofautiana, nami nisingependa kukuambia kwamba kila mtu sokoni alikuwa na mikono safi. Kisha askari wakaanza kupiga risasi. Hapo ndipo kiapo kilipopimwa. Watu hawakukimbia wala hawakurudi na bunduki zao, ambazo kila nyumba ilikuwa nazo. Walisogea mbele, safu ya mbele ikianguka safu ya nyuma ikashika mahali pake, na mambo yaliendelea hivyo kwa saa kadhaa. Serikali ilihesabu maiti makumi machache. Wenyeji walihesabu mamia.

Siku ile lilitokea jambo jingine ambalo halipasi kusahauliwa. Vikosi viwili vya askari wa Garhwal, Wahindu watupu, viliamriwa kuwapiga risasi Waislamu hao wasio na silaha. Walikataa. Wakanyang'anywa silaha, wakashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na kiongozi wao, Chandra Singh, akahukumiwa kifungo cha maisha. Watawala walikuwa wamechagua Wahindu kwa makusudi, wakitumaini chuki ya dini itawasaidia kazi. Haikuwasaidia.

Kabla ya siku hiyo Watumishi wa Mungu walihesabika kwa mamia. Miezi michache baadaye walihesabika kwa makumi ya maelfu. Waliteswa kwa namna ambazo hata kuzisimulia ni aibu: walivuliwa nguo mbele ya watu, walitoswa katika maji ya baridi kali, nyumba na nafaka zao zilichomwa moto. Walitafuta msaada kwanza kwa wakuu wa Muslim League, wakawakuta hawako tayari kugombana na serikali. Ndipo walipopokewa na chama cha Congress. Utaona baadaye mlango huo uliwagharimu nini. Badshah Khan aliachiliwa mwaka 1931, akakamatwa tena kabla mwaka haujaisha, akatoka 1934 kwa sharti la kutokanyaga jimbo lake, akafungwa tena mwaka huo huo, na hakurudi nyumbani mpaka 1937. Mwaka huo huo kaka yake Dakta Khan Sahib akawa waziri mkuu wa jimbo kwa kura.

Wakati huo huo, kusini kidogo, njia ile nyingine ilikuwa inaendelea. Mwaka 1936 binti mmoja wa Kihindu huko Bannu alisilimu akaolewa na Mwislamu, wazazi wakamdai mahakamani, serikali ikamrudisha. Kwa ajili hiyo Mirza Ali Khan, aitwaye Fakiri wa Ipi, aliinua bendera ya jihadi katika Waziristan. Serikali ilitumia makumi ya maelfu ya askari kumtafuta, na ndege zake zikapiga mabomu vijijini. Fakiri hakupatikana kamwe. Alifia katika mapango yake mwaka 1960. Ushujaa wake siwezi kuukana. Lakini ukiwauliza wazee wa Waziristan walipata shule ngapi kwa vita vile, jibu wanalo.

Sasa yaja majira ya huzuni. Katika uchaguzi wa mwaka 1946 wenzake Badshah Khan walishinda katika jimbo ambalo karibu watu wake wote walikuwa Waislamu, ingawa Muslim League ilihubiri kwamba kura ya kwao ni kura ya Uislamu. Lakini damu ikamwagika Calcutta, kisha Wahindu wakawachinja Waislamu Bihar. Mzee alikwenda Bihar akatembea vijiji vilivyochomwa, akiwatuliza Waislamu waliobaki. Huko mpakani picha na mafuvu ya waliouawa Bihar vilionyeshwa watu, na masheikh wenye wafuasi wengi wakawageuza. Kila mmoja sasa aliulizwa jambo moja tu: wewe ni Mwislamu au ni mtu wa Wahindu? Mwaka 1947 hata mwanawe mwenyewe, Ghani Khan, aliyekuwa mshairi, aliunda kikundi cha vijana wenye bunduki kuwakinga Watumishi wa Mungu, maana waliokula kiapo hawangeweza kujikinga. Hilo nalo ni sehemu ya habari hii.

Congress ilikubali nchi igawanywe, tena ikakubali jimbo la mpakani lipige kura kuchagua baina ya Bara Hindi na Pakistani. Badshah Khan aliona ametupwa mbele ya mbwa-mwitu, na hayo aliwaambia rafiki zake wazi. Tarehe 21 Juni 1947, huko Bannu, yeye na wenzake walidai chaguo la tatu, Pashtunistan, nchi ya Wapashtuni. Walikataliwa, wakasusia kura. Waliotaka Pakistani walikuwa 289,244, na waliotaka Bara Hindi 2,874, wapiga kura wakiwa kama nusu tu ya wenye haki ya kupiga kura.

Hapa naomba ruhusa nitoe maoni yangu. Neno hilo Pashtunistan halikupata kamwe mipaka iliyo wazi. Mara lilikuwa nchi huru, mara lilikuwa jimbo lenye madaraka yake ndani ya Pakistani. Serikali ya Kabul ililitumia kwa faida yake, na Fakiri wa Ipi naye akaliinua pamoja na bunduki yake. Mtu aliyefundisha kwamba kumtumikia Mungu ni kuwatumikia viumbe wote alifungwa katika neno la taifa moja, na adui zake wakapata fimbo ya kumpigia kwa miaka arobaini. Nadhani alikosea kutolifafanua mapema. Lakini kosa la kutofafanua si uhaini.

Pakistani ilipokwisha kuwa, alikula kiapo cha utii katika bunge la Karachi mwanzoni mwa mwaka 1948. Tarehe 15 Juni mwaka huo akakamatwa, na moja ya mashtaka yakawa kwamba anashirikiana na Fakiri wa Ipi, mtu ambaye njia yake alikuwa ameiacha tangu ujana! Tarehe 12 Agosti watu wake walikusanyika Babrra, karibu na Charsadda, wakapigwa risasi. Serikali ilitaja waliokufa wasiofika ishirini. Wafuasi wake wasema mamia, na yasimuliwa kwamba wanawake walitoka na Kurani vichwani kuomba risasi zikome. Waziri mkuu wa jimbo wakati huo, Abdul Qayyum Khan, alikuwa zamani mwenzao, tena alikuwa ameandika kitabu cha kumsifu Badshah Khan. Sasa alikipiga marufuku kitabu chake mwenyewe. Waislamu waliwapiga Waislamu mahali ambapo Wahindu wa Garhwal walikataa kuwapiga. Chama kilifutwa kwa sheria, na mzee akakaa kizuizini mpaka 1954.

Yaliyobaki nitayapitia upesi, kwa sababu ni gereza baada ya gereza. Alifungwa 1956, alifungwa 1958, mwaka ambao kaka yake aliuawa kwa kisu Lahore. Mwaka 1962 shirika la Amnesty International lilimtaja kuwa mfungwa wa mwaka. Akaachiliwa 1964 akiwa mgonjwa, akaenda kukaa Afghanistani. Mwaka 1969 alialikwa Bara Hindi kwa kumbukumbu ya Gandhi, akakuta Waislamu wanauawa Ahmedabad. Badala ya kufurahia shangwe alifunga siku tatu na kuwakemea wenyeji wake kwa kumsahau mtu waliyemjengea masanamu. Alirudi Pakistani Desemba 1972, akafungwa tena. Ukijumlisha miaka yote ya jela, chini ya Waingereza na chini ya Pakistani, inakaribia thelathini.

Uzee wake uliingia katika moto mwingine. Warusi waliingia Afghanistani mwisho wa 1979, na Peshawar, mji wake, ukawa ghala la silaha za jihadi zilizolipiwa na mataifa makubwa. Yeye aliita vita vile mchezo wa wageni juu ya damu ya Wapashtuni. Lakini aliendelea kuwa mgeni wa serikali ya Kabul iliyokuwa inakaliwa na majeshi ya Kirusi, na wakimbizi waliojaa mahemani karibu na kijiji chake hawakulisahau hilo. Katika vijana wengi wa siku zile jina lake likawa jina la mzee aliyepitwa na wakati.

Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari 1988, akiwa na karibu miaka tisini na minane. Alikuwa ameusia azikwe Jalalabad, ng'ambo ya mstari wa Durand. Maelfu kwa maelfu ya watu waliusindikiza mwili wake kupitia njia ya Khyber, na hapakuwa na aliyewadai hati za kusafiria. Pande zinazopigana Afghanistani zilisimamisha risasi kwa ajili ya mazishi. Hata hivyo mabomu yalilipuka kati ya magari ya waliokuja kuzika, na watu wasiopungua kumi na watano wakafa.

Mwaka 2010 jimbo lake lilipewa jina la wenyewe, Khyber Pakhtunkhwa, na miaka miwili baadaye chuo kikuu chenye jina la Bacha Khan kilifunguliwa Charsadda. Tarehe 20 Januari 2016, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, wanafunzi walikuwa wameandaa baraza la mashairi kwa heshima yake. Asubuhi, katika ukungu mzito, watu wenye bunduki waliojiita wapiganaji wa dini waliruka ukuta wakaua watu wapatao ishirini. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mwalimu mmoja wa kemia, ambaye aliwaambia wanafunzi wake wabaki ndani, akatoka na bastola yake kuwazuia wauaji, na wengi wakapata kukimbia kabla hajaanguka.